Tela la Bi Leokadia

Leokadia Wrzos aliingia kazini katika shamba la serikali la Lipowo akiwa na miaka kumi na minane. Alipewa ndama arobaini, ndoo mbili na koti la buluu. Kwa miaka ishirini na moja ndama walibadilika, ndoo zilibadilika, koti likabaki lile lile. Najua, kwa sababu mtunza stoo nilikuwa mimi, na makoti mapya yalipita mikononi mwangu yakienda kwa watu wengine. Hakuwahi kunilalamikia. Mara moja tu, tukiwa kwenye foleni ya nyama, aliniambia, "Jirani, wewe utazikwa umependeza."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndama mgonjwa alimtambua kwa kuyatazama masikio yake. Daktari wa mifugo akija alimuuliza yeye kwanza, kisha akaandika daftarini kana kwamba amegundua mwenyewe. Mumewe, Zenon, aliendesha trekta. Walikuwa na binti mmoja, Iwona, na vyumba viwili katika jengo namba tatu, mlango wa pili kutoka kwangu.

Nchi ilipobadili uchumi wake, alikuja bwana mmoja kutoka mkoani, kavaa koti la ngozi, akatukusanya kwenye ukumbi wa chakula, akatusomea karatasi. Karatasi ilisema shamba limefungwa na mbele yetu kuna fursa. Teofila, mpishi wetu, aliuliza kama aendelee kumenya viazi. Yule bwana aliitazama karatasi mbele na nyuma, akasema, "Kwa leo, menya." Vilikuwa kilo tisini. Tulivila vyote.

Ng'ombe waliuzwa kwa siku mbili. Leokadia aliendelea kwenda zizini kila alfajiri kwa wiki tatu. Nilimuuliza anafanya nini huko.

"Nafagia."

"Unamfagilia nani?"

"Pachafu."

Wiki ya nne hakwenda. Zenon alipewa kiinua mgongo chake, nacho kilikuwa lile trekta alilokuwa akiendesha, pamoja na tela lake. Wengine tulipewa barua.

Baada ya hapo nchi ikaanza kukua. Sisi tuliokota uyoga na matunda ya msituni, tukauza kandoni mwa barabara. Vijana waliondoka mmoja mmoja, halafu wawili wawili. Iwona alikwenda Uholanzi kufunga maua kwenye makasha. Zenon alilima bustani za watu kwa trekta lake hadi mwaka wa tisa wa ukuaji huo, siku moyo wake uliposimama akiwa chini ya trekta anakaza nati. Leokadia alimvuta nje, akampigia gari la wagonjwa, akakaa naye chini kwenye tope. Gari lilichukua dakika hamsini, na likaja kumchukua maiti. Lilipoondoka, Leokadia aliingia chini ya trekta akamaliza kuikaza ile nati, kwa maana mvua ilikuwa inakuja na trekta lilikuwa katikati ya njia. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Teofila, aliyempelekea supu wiki nzima, alisema kila asubuhi aliikuta sufuria imejaa kama alivyoiacha jana yake.

Kisha ukaja ule mwaka ambao televisheni ilionyesha ramani ya Ulaya. Nchi zote zilikuwa nyekundu kwa hasara. Ya kwetu peke yake ilikuwa ya kijani. Tulisogea karibu na kioo tukaitafuta Lipowo. Ilikuwa ya kijani pia.

Ukuaji ulitufikia kwanza kwa njia ya kozi. Walimu walitoka mjini wakatufundisha kupanga maua kwenye chombo na kutabasamu mbele ya mwajiri. Wanawake kumi na tisa wa Lipowo walihitimu upangaji maua. Leokadia alikuwa wa pili darasani. Aliambiwa aandike maelezo ya kazi alizowahi kufanya, akaandika: "Ndama." Mwalimu, binti mpole mwenye kucha ndefu, akamwambia aongeze kidogo. Akaongeza: "Elfu mbili hivi." Vyeti tulivipata. Kwa kuwa sherehe pekee zilizobaki kwetu ni mazishi, Leokadia akawa anatengeneza mashada ya matawi ya msonobari, bure, na lazima niseme mazishi yetu yalianza kupendeza.

Kisha ikaja barabara kuu. Ilipita mita mia tatu kutoka majengo yetu manne, njia mbili kwenda na mbili kurudi. Mlango wa kuingilia ulikuwa kilomita kumi na nne kutoka kwetu. Ili tusisumbuliwe na kelele walitujengea ukuta wa kijani, mrefu kuliko jengo la posta. Barabara hiyo iliikata katikati njia yetu ya zamani ya kwenda Dobromin mjini. Zilizokuwa kilomita kumi na moja zikawa ishirini na tatu, kwa kuzunguka. Kampuni ya basi ilipiga hesabu ya mafuta, ikaondoa basi.

Hapo sasa, sikiliza. Wengi wetu tulikuwa tumeandikishwa katika ofisi ya kazi ya Dobromin kama watu wasio na kazi. Kila mmoja alipangiwa tarehe ya kwenda kutia saini kwamba bado hana kazi na bado yuko tayari kuifanya. Ukikosa tarehe yako, unafutwa; ukifutwa, bima ya matibabu inakwenda nayo. Kwa hiyo kukosa kazi kulihitaji usafiri. Leokadia alikuwa na miaka hamsini na minane, bado miwili afikie pensheni. Teofila alikuwa na nyonga mbovu, na bila bima nyonga ile ingekuwa yake peke yake.

Mwezi wa tatu tulikwenda kwenye mkutano wa hadhara wa wilaya. Tulipanda lori la muuza makaa. Naibu mkuu wa wilaya, Bwana Pytel, mtu nadhifu, alituonyesha michoro ukutani.

"Kwa wastani," alisema, "kila kaya ya wilaya hii ina gari moja na nusu. Basi limepitwa na wakati, ndugu zangu. Hiyo ni dalili njema."

Leokadia alinyoosha mkono. "Lipowo tuna kaya sitini na mbili na magari matatu. Moja halina injini."

"Nimesema kwa wastani, bibi."

"Basi kuna mtu anayo ya kwetu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Bwana Pytel alikunywa maji akampa nafasi ya kuuliza mtu wa nyuma.

Wiki iliyofuata Leokadia alilitoa trekta la Zenon, akalifunga tela, akapakia mabenchi mawili kutoka ukumbi wa chakula uliofungwa na mablanketi ya kufunika magoti. Alibandika karatasi mlangoni mwa duka: "Ofisi ya kazi. Jumanne, saa nne asubuhi. Vaeni nguo nzito." Leseni ya trekta alikuwa nayo tangu ujana. Mwendo ulikuwa kama wa baiskeli, na mvua iliponyesha tulijifunika turubai, tukasafiri gizani kama viazi. Lakini tulifika, tukatia saini, tukarudi. Teofila alikuja na pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, kwenye sufuria iliyofungwa taulo. Kwa miezi mitano hakuna mtu wa Lipowo aliyefutwa.

Mwezi wa tisa, Jumanne moja, tukiwa tumebakiza kilomita sita, gari la polisi lilitusimamisha. Akashuka koplo mmoja, kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi.

"Habari za asubuhi, mama. Leseni."

Akapewa. Akaisoma pande zote mbili.

"Nyuma umebeba nini?"

"Watu wa Lipowo."

"Mama, hairuhusiwi kubeba watu kwenye tela la shamba."

"Naruhusiwa kubeba nini?"

"Mazao. Mbolea. Mifugo."

"Basi andika ndama."

Koplo alichungulia telani. Tulikuwa kumi na mmoja, mdogo wetu miaka arobaini na sita. Tukamsalimia.

"Ndama huwa na namba sikioni, mama."

"Hata hawa wana namba. Teofila, mwonyeshe afande."

Teofila akatoa kadi yake ya ofisi ya kazi, akainua na sufuria. "Na pierogi je, mwanangu? Za kabichi na uyoga. Au nazo haziruhusiwi?"

Koplo hakula. Nadhani alitaka. Alisema ni lazima tushuke, sheria ni sheria, na kwamba akituachia tukapinduka yeye ndiye atakayeulizwa.

"Wakishuka wataendaje?" Leokadia akauliza.

"Kwa miguu."

"Watu kumi na mmoja pamoja barabarani, inaruhusiwa?"

Koplo akafikiri. Alikuwa mkweli, na hilo ndilo lililomponza. Alisema watu wengi wakitembea pamoja huo ni msafara, na msafara unakwenda upande wa kulia, ukiwa na taa ya tahadhari mbele na nyingine nyuma. Taa ya mbele ilikuwepo juu ya trekta. Ya nyuma alikuwa nayo yeye.

Hivyo ndivyo tulivyoondoka. Mbele Leokadia kwenye trekta, akiliendesha taratibu kama mtu anayesindikiza jeneza. Katikati sisi, wawili wawili. Nyuma yetu gari la polisi likimulika taa ya buluu. Barabara ilikuwa nyembamba, yenye kona, na hairuhusiwi kupita msafara unaosindikizwa na polisi. Magari yakaanza kujipanga.

Sasa, siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kufungua barabara kuu, na kwa kuwa ilikuwa haijafunguliwa, wageni wa ufunguzi walilazimika kupita kwenye barabara yetu. Sisi hatukujua. Hakuna aliyetualika. Bwana Pytel alikuwa gari la tisa nyuma ya koplo, na mkasi wa kukatia utepe alikuwa nao yeye, kwenye mto mdogo mwekundu.

Kwenye kilomita ya pili Teofila alikaa ukingoni mwa barabara. Alikaa tu, akaweka sufuria magotini. Leokadia alizima trekta, akashuka, akaja nyuma.

"Inauma?"

"Nipumue kidogo."

"Pumua."

Magari yakapiga honi. Leokadia alisimama kando ya Teofila na mikono kwenye koti, akiyatazama yale magari moja baada ya jingine, mazuri, meusi mengi. Alisema polepole, si kwa mtu yeyote, "Kwa miaka ishirini na moja walikunywa maziwa yetu." Kisha akamgeukia koplo. "Afande, huyu hatembei tena. Mchukue."

Koplo alimfungulia mlango wa mbele. Teofila akaingia na sufuria yake. Alituambia baadaye kwamba kiti kilikuwa kinapata moto chenyewe, na kwamba kufika kilomita ya nne kijana wa watu alikuwa ameshakula pierogi sita.

Ofisi ya kazi ilifunga dirisha saa saba. Tulifika saa saba na dakika ishirini. Karani alituambia kupitia kioo kwamba tarehe ni tarehe na saa ni saa, tumefutwa wote. Hapo koplo akavua kofia, akasogea dirishani.

"Niliwachelewesha mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa usalama wao."

Karani akamtazama, akatutazama sisi, akamtazama tena, akafungua dirisha. Tulitia saini kwamba tuko tayari kufanya kazi. Mimi mkono ulikuwa umekufa ganzi. Saini yangu ya siku ile haifanani na yangu.

Utepe ulikatwa kwa kuchelewa saa moja na dakika kumi. Mpiga picha wa gazeti la mkoa, aliyekwama kwenye foleni, alikuwa amepanda juu ya paa la gari lake akatupiga picha. Kesho yake ikatoka ukurasa wa kwanza: WASIO NA KAZI WA LIPOWO WAANDAMANA. Utepe uliwekwa ukurasa wa nne.

Iwona alipiga simu kutoka Uholanzi. Nilikuwepo; tulikuwa tunatoa kokwa za plamu jikoni, na Leokadia husikiliza simu kwa sauti ya juu kwa sababu ya sikio lake la kushoto.

"Mama, yule wa kwenye trekta ni wewe?"

"Ni mimi."

"Picha imezunguka huku kazini kote. Wananicheka, ati kwetu watu bado wanasafiri kwa tela."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia simjui."

Leokadia alitoa kokwa, akaiweka kwenye bakuli. "Sawa. Hukukosea. Hawahitaji kujua."

Wakaongea habari za hali ya hewa, simu ikakatika. Tuliendelea na plamu. Baada ya robo saa simu ikalia tena. Iwona alikuwa analia hadi maneno hayasikiki vizuri.

"Nimerudi nikawaambia. Nimewaambia ni mama yangu, na anayetaka kucheka acheke mbele yangu. Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia. Mtaa mzima unakusikia." Alifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imeshakauka. "Umekula?"

Wiki iliyofuata Bwana Pytel alikuja Lipowo mwenyewe, na wasaidizi wanne na mwandishi wa habari. Tulikutana kwenye ukumbi wa chakula, sisi tukiwa tumesimama kwa sababu mabenchi yalikuwa telani.

"Wilaya inasikiliza," alisema. "Madai yenu ni yapi?"

Tulitazamana. Leokadia akajibu, "Saini."

"Saini ipi?"

"Tulikuwa tunakwenda kutia saini."

"Lakini maandamano yale, bibi..."

"Afande ndiye aliyetuambia tushuke."

Bwana Pytel alimtazama mwandishi, mwandishi akaandika. "Labda," akasema, akimsaidia, "mnadai basi?"

"Basi tuliliomba mwezi wa tatu. Ulituambia ni dalili njema."

Tulipata basi dogo la viti kumi na sita, Jumanne na Alhamisi. Ulikuwa mradi wenye jina, Lipowo Inasonga, na bango la buluu lenye nyota za Ulaya, kubwa kuliko kibanda cha kituo. Basi lilikuja kwa miezi kumi na minane. Dereva alikuwa mcheshi, na kiti cha mbele kilikuwa cha Teofila. Kisha fedha za mradi zikafika mwisho. Ripoti, ambayo Bwana Pytel alitutumia nakala, ilisema lengo limefikiwa kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Bango likabaki.

Leokadia alikuwa ametimiza sitini, na miezi miwili ambayo serikali ilikuwa imeiongeza kwenye umri wa pensheni. Karani wa ofisi ya kazi alimpa mkono kupitia dirishani. "Hongera, bibi. Umetoka kwenye orodha ya wasio na kazi."

"Nimepata kazi?"

"Hapana. Umezeeka."

Alipomaliza karatasi za pensheni alikuja kunigongea. Alisema anataka kuuza trekta. Nilidhani anatania. Alikuja mtu kutoka mji mkuu, mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, akalinunua bila kujadili bei, kwa sababu anaweka vitu vya zamani uwanjani ili wageni wapige picha. Alimuuliza Leokadia kama linawaka. "Linawaka," akamjibu. Yule bwana akasema si lazima.

Kwa fedha hizo Leokadia alijifunza kuendesha gari. Mtihani wa kwanza alishindwa kwa kwenda polepole mno. Mtahini alimwambia, "Mama, nyuma yako pana foleni ya magari."

"Najua," akasema. "Huwa ipo."

Mara ya pili alishindwa kwa kwenda kasi, kwa makusudi nadhani. Mara ya tatu alifaulu, akanunua gari dogo la rangi ya krimu lililokuwa la padri mstaafu. Linabeba wanne. Jumanne huenda na kurudi mara mbili, wakati mwingine tatu, na mimi hukaa nyuma kwa kuwa miguu yangu ni mizima.

Barua ya hospitali ya Teofila ilifika majira ya kuchipua, miaka minne na miezi mitatu tangu aandikwe kwenye foleni ya nyonga. Leokadia alimpeleka hospitali ya mkoa, kilomita themanini na nne. Walikuwa wawili tu. Teofila alivaa shanga. Upasuaji ulichukua asubuhi nzima, na Leokadia alikaa koridoni kwenye kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote. Mchana muuguzi akatoka, akasema mgonjwa ameamka, anauliza kama viazi vimeshamenywa.

"Naweza kumwona?"

"Wanaoingia ni ndugu tu. Wewe ni nani kwake?"

Leokadia alifikiri kwa uaminifu, kama afanyavyo kwa kila swali.

"Mimi nilikuwa kwenye ndama," akasema, "yeye alikuwa kantini."

Muuguzi alikuwa na fomu mkononi na fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika udugu. Akatazama kushoto na kulia koridoni. Akaandika "dada", akamwonyesha mahali pa kutundika koti.